Gari la Kutafutiwa Mteremko

Siku niliyokwenda kumwacha mume wangu, ni yeye mwenyewe aliyenipeleka.

Hakujua. Alilifunga sanduku langu kwa kamba nyuma ya gari, akaivuta ile kamba kuona kama imekaza, akasema, "Hii sanduku leo imeshiba." Nikamwambia ninawapelekea watu wa kwetu nguo za kuzeeka. Kumbe ndani mlikuwa na kila kitu changu: magauni, sufuria yangu nzuri, Biblia, na picha ya harusi ambayo niliitia, nikaitoa, nikaitia tena. Kitu kimoja tu hakikuwamo, nacho ni cherehani. Cherehani alikuwa ameiuza yeye Jumatatu ile nikiwa sokoni, ili gari lipate silinda hedi, kile kichwa cha injini.

Nataka mnielewe vizuri. Walubengo hakuwa mlevi. Hakunipiga, na mwanamke wa nje hakuwa naye. Alikuwa karani wa bohari la reli pale Kisumu, Mbukusu wa Kimilili, mtu wa kanisa, kola safi na tai kila siku hata ya mapumziko. Mimi ni Mjaluo wa Seme, fundi wa nguo. Nyumbani tulisema Kiswahili, maana Kijaluo kilimshinda na Kibukusu mimi nilikikataa. Ukituona Jumapili ungetuonea wivu. Ila kulikuwa na hilo gari.

Lilikuja mwaka wa sitini na nane. Mzungu mmoja wa mashamba ya miwa kule Miwani alikuwa anarudi kwao na anauza vitu vya nyumba, nami nikamtuma Walubengo akaniletee kabati. Nilikuwa nimekwisha kuupima ukuta kwa utepe. Nikangoja kabati mpaka alasiri, mara nikasikia mngurumo nje na watoto wote wa nyumba za reli wanakimbia. Nikatoka. Mume wangu ameketi chini kabisa, karibu aguse ardhi, ndani ya kitu cha kijani chenye viti viwili, hakina paa, magurudumu yake ya spoku kama ya baiskeli. Kwenye kile kiti cha pili kulikuwa na mavi ya kuku. Gari lilikuwa limekaa ghalani miaka, kuku wakitaga ndani.

"Kabati iko wapi?" nikauliza.

"Panda kwanza," akasema.

Sitadanganya. Nilipanguza kiti, nikapanda. Tukaenda mpaka Kibos na kurudi, upepo ukanivua kitambaa cha kichwa, nikacheka njia nzima. Na miaka ile ya mwanzo ilikuwa hivyo hivyo. Akirudi kazini hata chai hamalizi. "Twende." Wapi? "Twende tu." Tunakwenda Ahero, tunakwenda Katito pale njia inapokata kuelekea Kendu Bay, anageuza, tunarudi tumemeza wale wadudu wadogo wa ziwani mpaka tunakohoa. Hakuweza kukaa, mume wangu. Akikaa, goti lake linacheza. Wanaume wote niliokuwa nawajua walikaa. Baba yangu alikaa kwenye kigoda kimoja mpaka akafa. Nilimpenda Walubengo kwa sababu hiyo hiyo ya kutokukaa, na sioni haya kusema.

Lakini gari la michezo likizeeka ni mgonjwa, tena mgonjwa mwenye hamu ya kula. Kununua ni kupanda mchongoma. Kushuka ndiyo ngoma. Mwaka wa kwanza lilikula kabati yangu, maana pesa ya kabati haikuonekana tena. Mwaka wa pili likala baiskeli yake. Stata ikafa, na stata mpya ilikuwa iagizwe Ulaya, ije kwa meli, ipande treni, na ilipofika ikawa si ya gari hili, ni ya ndugu yake mdogo, gari jingine la kiwanda hicho. Tangu hapo tukawa watu wa kutafuta mteremko. Popote tulipokwenda, kabla ya kumsalimia mtu, Walubengo anazunguka kutafuta mahali penye mteremko wa kuliegesha, ili wakati wa kuondoka liteleze lenyewe, atie gia ya pili, liamke. Na Kisumu yetu ile ya chini ni sawa kama meza! Tuliwaacha marafiki kwa sababu nyumba zao ziko tambarare. Tulihama kanisa. Mahali pasipo na mteremko alisukuma yeye, nami nikakaa kwenye usukani, nikaachia klachi aliposema "Sasa!" Hatua chache tu, gari likiamka nampisha. Huo ndio uliokuwa udereva wangu wote.

Halafu mchwa. Nani alijua kwamba gari la Ulaya lina mbao ndani? Asubuhi moja nikaona unga mwekundu chini ya mlango wa gari, nikaufagia. Kesho yake upo tena. Walubengo akagonga ubavu wa gari kwa kidole, pakalia tupu. Mchwa walikuwa wamekula kuanzia mlango mpaka nyuma. Basi tukawa na mafundi wawili, mmoja wa injini na mmoja wa vitanda. Huyo wa vitanda alikuwa Shitanda wa Obunga, naye alilichongea lile gari mbao mpya za mvule kwa ustadi, akaniambia, "Mama, hii sasa ikishindwa kutembea mtalalia."

Wanawake wa nyumba za reli walilipa gari hilo jina. Kwetu mwanamke aliyeolewa huitwa kwa alikotoka, nao wakaliita Nyar Miwani, binti wa Miwani. "Mama Jentrix, mke mwenzako ameamkaje?" wananiuliza bombani. "Nasikia jana alikohoa usiku kucha." Mimi nacheka nao, maana usipocheka ndiyo watakucheka vizuri. Lakini nikirudi ndani nakasirika. Mke mwenza wa kweli ungemtuma kuni.

Kasoro zake nilizijua kama za mtoto. Breki unakanyaga mara tatu ndipo inashika. Gia ya pili inaruka, lazima uishike kwa mkono mpaka ikubali. Na petroli inavutwa na pampu ya umeme iliyo chini ya kiti cha abiria, kiti changu, inadunda tik tik tik. Ikinyamaza, gari linakufa katikati ya njia, na dawa yake ni kuipiga. Hiyo ikawa kazi yangu. Nasikiliza, ikinyamaza navua kiatu, napiga. Viatu vyangu vyote vya miaka ile kisigino cha kulia kimepasuka. Nilivaa kiatu kanisani nikiwa na aibu, watu wakidhani nachechemea.

Yote hayo niliyavumilia. Cherehani sikuivumilia. Nilirudi sokoni nikakuta nafasi tupu kwenye sakafu na alama za miguu yake kwenye saruji. Walubengo alikuwa amesimama mlangoni, goti linacheza. "Ni ya muda tu, Lornah. Injini ilikuwa imekwisha kabisa. Nitanunua ingine." Sikupiga kelele, na mtu anayenijua angeogopa hapo. Mwanamke fundi ukimwuzia cherehani umemkata mikono. Jentrix wetu alikuwa tayari kwa mama yangu tangu alipoachishwa ziwa. Nikasema, basi nami nitakwenda huko huko kwa mtoto wangu, na yeye abaki na binti wa Miwani walale pamoja gereji. Nikamwambia nataka kuwasalimia nyumbani Jumamosi. Akafurahi. Alifikiri nimesamehe.

Kwetu ni chini ziwani. Unapita Kombewa, hospitalini na sokoni, halafu unateremka maili kama saba. Ilikuwa Mei, mwaka wa sabini na nne, mvua za masika zimeipiga barabara mpaka imekuwa uji. Njia yote hakunyamaza. Silinda hedi mpya hii, sikia mlio wake, Lornah, sikia! Mimi natazama mapapai ya watu. Nilikuwa nimepanga maneno yangu. Nitaingia ndani, nitamwambia mama, nitatoka nimwambie yeye pale pale alipoketi: fungua sanduku, rudi peke yako.

Na pale alipoketi ni nje, kwa sababu Walubengo hajawahi kuingia kwa mama yangu. Kwa Wabukusu mwanamume na mama mkwe wake hawaonani uso, hawapeani mkono, wakikutana njiani mmoja anaingia majanini. Nasi Wajaluo tuna heshima hiyo, lakini wale wenzetu wameipita. Tukifika, analiegesha gari nje ya ua wa minyaa, kwenye ubavu wa kichuguu kikubwa kilicho pale, kwa ajili ya mteremko, anageuzia lango mgongo, anasoma gazeti. Chakula analetewa na mtoto. Miaka sita, na mama yangu alimjua kwa kikohozi chake tu, naye alimjua mama kwa sauti ya kuita kuku. Wakapendana sana hivyo hivyo. "Mkwe wangu ana haya," mama husema. "Wenye haya wamekwisha duniani."

Basi tukafika. Akaliegesha kichuguuni, akafungua gazeti. Mimi nikashuka, sijagusa hata kamba ya sanduku, nikasikia kelele ndani. Si kilio cha msiba, ni watu wanabishana kwa hofu. Nikakimbia. Mama ameketi chini karibu na tuta la muhogo, Enos kaka yangu anamfunga mguu kwa kitambaa, na kando yao nyoka ameuawa, mnene, mfupi, wa madoa. Kifutu. Mvivu yule, hakukimbii. Unamkanyaga ndipo anakujibu. Kifundo cha mguu kilikuwa kimeanza kuvimba na ngozi inang'aa.

"Basi ya Kombewa iko wapi?" nikauliza.

"Imekwama kwa tope tangu jana," Enos akasema. "Na baiskeli kwa hiyo njia, atakufa nikiwa nasukuma. Gari si iko?"

Gari lilikuwapo. Nikatoka mbio mpaka kichuguuni, nikamwambia Walubengo mama ameumwa na nyoka, washa gari. Akaruka. Akashika usukani. Ndipo nilipomwona anakitazama kile kiti cha pili, usukani ameuachia.

Viti viwili vidogo, mti wa gia katikati, bega kwa bega, goti kwa goti. Hata mimi mke wake nikiketi humo kila akibadilisha gia ananigusa paja.

"Lornah," akasema, "nitakaa aje na mama hapa?"

"Mama anakufa na wewe unaniletea mila!"

"Sijakataa! Nitafunga hii macho moja, nitaweka gazeti hapa katikati..." Analikunjua gazeti. Angefanya, najua. Angeivunja kwa ajili yangu na asingelala tena usingizi.

Lakini Enos na mkewe walikuwa wamekwisha kumbeba mama mpaka langoni, naye alipoona gari na mwanamume aliyeinamisha kichwa ndani, akashika nguzo ya lango. "Ooyo," akasema. Hapana. "Mnipandishe hapo niguswe na mkwe wangu? Nikipona nitaishi vipi? Niacheni." Akajifunika leso uso mzima. Wakamvuta, hakuachia nguzo. Mguu unavimba, na yeye anashikilia nguzo!

Nikasema maneno mabaya hapo, kwa lugha zote. Niliwatukana Wabukusu na Wajaluo, nikamtukana aliyetengeneza gari la watu wawili. Nilikuwa nalia. Nikasikia Walubengo ameshuka, amesimama kunipa mgongo, kumpa mama mgongo, anaongea akitazama ziwa.

"Endesha wewe."

"Mimi?"

"Wewe unaijua. Umekaa ndani yake miaka sita ukiitukana. Nitakaa nyuma nikuambie gia."

Hakukuwa na njia nyingine. Nikaketi kwenye usukani. Mama aliposikia ni mimi akaiachia ile nguzo, wakamweka kando yangu, mguu juu. Walubengo akapanda nyuma, akaketi juu ya sanduku langu, uso kule tunakotoka, mgongo kwetu, ameshika kamba kwa mikono miwili. Enos akatusukuma. Gari likateleza ubavuni mwa kichuguu. "Pili!" Nikatia. "Sasa!" Nikaachia klachi, likapiga chafya, likaamka, na safari hii hakuna aliyekuja kunipisha.

Sijui nilifikaje barabarani. Najua nilisikia sauti yake nyuma yangu, anapiga kelele juu ya injini. "Shika hiyo pili, usiachie! Sasa tatu! Usikanyage sana, itazama! Kata kushoto, kuna shimo!" Shimo alilijuaje, na yeye anatazama nyuma? Alikuwa amelihesabu tulipokuja, kwa mifupa ya gari lake.

Mama akasema chini ya leso, "Anatazama wapi?"

"Nyuma, Mama."

"Asigeuke."

"Hageuki."

Pumzi ya mama ilikuwa fupi. Mimi nikawa namwomba Mungu, Nyasaye, Nyasaye, na kati ya Nyasaye mmoja na mwingine natia gia. Na hapo, pale karibu na kisima cha shule, nikasikia kitu ambacho masikio yangu yalikuwa yamefundishwa kukisikia hata usingizini. Tik tik imenyamaza.

"Kiatu!" Walubengo akalia kule nyuma. "Lornah, kiatu!"

Nitapigaje, na mikono yangu yote miwili ina kazi? Injini imeanza kukohoa. Nikakipiga teke kiatu changu mpaka kikaja mapajani mwa mama. "Mama, piga! Hapo chini ya kiti, nyuma ya kisigino chako! Piga!"

Mama yangu hakuuliza. Aliutoa mkono chini ya leso, akakikamata kile kiatu, akainama na uvimbe wake, akapiga kwa chuki yote aliyokuwa nayo kwa yule nyoka. Paa! Paa! Paa! Tik tik tik, ikaitika. Gari likavuta.

"Imekufa?" akauliza mama.

"Imefufuka."

"Mambo gani haya," akasema, lakini kiatu hakukirudisha, akakaa nacho tayari.

Tukafika kwenye kile kilima cha mwisho kabla ya Kombewa. Udongo mwekundu, maji yanateremka katikati. Nikatia pili nikaishika. Tulipanda nusu, magurudumu yakaanza kuzunguka bure, gari likawa linarudi upande. Nikahisi nyuma pamekuwa pepesi: ameruka chini. Halafu nikasikia kamba inafunguliwa, na kitu kizito kikaanguka kwenye tope.

Sanduku langu.

Ningesema nini? Usiguse hilo? Mama yuko kando yangu anakufa, na mimi nafikiria sanduku. Walubengo akaweka bega lake nyuma ya gari akasukuma, namsikia anaguna, tope linaruka, magurudumu yakashika mahali, gari likajitupa mbele.

"Usisimame!" akapaza sauti. "Ukisimama umekwisha! Nenda! Nenda!"

Kile kioo kidogo cha kutazamia nyuma kilikuwa na ufa. Ndani yake nilimwona mara moja. Amesimama mpaka magotini katika tope, na mbele yake sanduku limepasuka kifuniko, na vitu vyangu vyote vimemwagika kilimani. Ameinama anavitazama. Kilima kikamficha.

Maili iliyobaki nilijiambia gia mwenyewe, kwa sauti, kwa maneno yake. Shika hiyo pili. Sasa tatu. Nilipoingia hospitalini nilikanyaga breki mara tatu, na kabla hata ya kuita mtu nikawa nimekwisha kuligeuza gari kwenye mteremko wa lango. Sikupanga kufanya hivyo. Ni miguu tu.

Wakamchukua mama. Wakamchoma sindano, wakamlaza karibu na dirisha, mguu umeinuliwa. Daktari akaniambia atapona, ila mguu utamsumbua siku nyingi, na kwamba tungeingoja hiyo basi angekuwa anaongea nami maneno mengine. Nikamshukuru, nikaketi kwenye benchi. Sikuweza kukaa. Nikaenda langoni, nikarudi. Nikaenda tena. Nikaketi, nikalitazama goti langu, linacheza.

Mama akafungua macho. "Mkwe yuko wapi?"

"Anakuja kwa miguu."

"Nitakuambia kitu, usimwambie mtu." Akavuta leso mpaka mdomoni. "Niligeuka. Mara moja tu, pale ulipokuwa unaliita jina la Mungu. Nyasaye anisamehe. Niliuona mgongo wake. Nyara, binti yangu, alikuwa analia yule."

Nikaenda langoni tena.

Nilikuwa naogopa, ndiyo. Si kwamba atanipiga. Niliogopa kwamba atafika hana sanduku, au amegeuza njia, ameondoka zake Kisumu kwa miguu, na kumbe mimi niliyetaka kuachana sasa nilikuwa natazama barabara mpaka macho yanauma. Nilimtaka aje. Nilikuwa na hasira naye bado, ya kweli, ya cherehani, na nilimtaka aje.

Jua lilikuwa limeanza kulegea nilipomwona. Anatembea polepole, tope mpaka kiunoni, sanduku liko kichwani. Kifuniko kilikuwa kimevunjika bawaba, naye alikuwa amelifunga kwa tai yake. Alipofika usawa wa dirisha la mama akakumbuka, akazunguka nje ya ua, akasimama mbali akiipa hospitali mgongo.

"Mama?"

"Atapona."

Akalishusha sanduku. "Asante Wele," akamwambia Mungu wa kwao. Akachuchumaa pale kwenye nyasi, akajifuta uso kwa mkono wenye tope, akawa mchafu zaidi.

"Nguo za kuzeeka," akasema baadaye.

"Ndiyo."

"Na picha ya harusi, nayo imezeeka?"

Nikaona hakuna haja ya kuzunguka. "Nilikuwa nakuacha leo."

"Nilijua pale kilimani. Niliokota sufuria nikajua. Hakuna mtu anaenda kusalimia na sufuria yake." Akang'oa majani. "Nikafikiria niiache tu pale, yote."

"Mbona hukuiacha?"

"Ni vitu vyako."

Ndicho alichosema tu. Hakusema pole, hakunisihi. Nami niliyejiandaa kwa maneno mengi sikupata pa kuyaweka.

"Nitauza gari," akasema. "Nikomboe cherehani."

"Utamwuzia nani? Mchwa?"

Akacheka kidogo, akaacha.

"Cherehani irudi," nikamwambia. "Sijui utafanyaje. Uza saa, uza redio, uza hiyo suti yako ya mikutano. Iwe imerudi kwenye alama zake pale sakafuni kabla sijarudi mimi kwa hiyo nyumba. Nitakaa na mama mpaka atoke. Ukija kunichukua na cherehani haiko, usije."

"Itakuwa iko."

"Na gari huuzi."

Akainua kichwa.

"Jumamosi zinazokuja kuna soko Katito, kuna soko hapa Kombewa. Nina magauni ya kuuza, nimechoka kuyabeba kichwani."

"Na nani atakuendesha?"

"Nani amesema habari ya kuendeshwa?"

Tope linamkauka usoni, nikaona anafikiria gia ya pili, anafikiria breki, anataka kunikataza na hana mdomo wa kukatazia. Mwisho akaliinua sanduku, akaenda kulifunga nyuma ya gari, akaivuta kamba kuona kama imekaza. Ilibidi tukamlete Jentrix kabla giza halijaingia, na nguo za mama.

Alikwenda moja kwa moja kwenye mlango wa dereva, kwa mazoea. Akanikuta nimekwisha kukaa. Akasimama kidogo, akazunguka upande wa pili, akajikunja kwenye kile kiti changu. Hakujua miguu aiweke wapi. Nikaiachia breki ya mkono, gari likateleza mteremko wa lango, nikatia pili, nikaishika, nikaachia klachi. Likaamka.

Tulikuwa hatujafika sokoni tik tik ikanyamaza. Walubengo akanigeukia, mikono iko wazi, hajui afanye nini.

Nikavua kiatu, nikampa.